Bango la Mkono wa Kushoto

Mabango mia mbili, wino rangi tatu,
kwenye chumba cha nyuma pale Kibuye
tulipoanika karatasi kwa kamba ya nguo.
Usiku wa pili sijafumba jicho, na tamasha ni Jumamosi.
Nikaipachika filamu kinyume,
na Javan Lugadiru, ambaye Luanda nzima ilimjua kwa mkono wa kulia,
akatoka kwenye wino akilicharaza gitaa kwa kushoto.
Maandishi yalikuwa na filamu yake, yakasomeka vizuri;
ndiyo maana hakuna aliyeshtuka.

Nilimpelekea mwenyewe, magoti yakigongana.
Alilisogeza mbali, akalisogeza karibu.
"Kumbe! Basi na huu mkono tuutafutie kazi."
Na jioni ile jukwaani, wimbo mmoja tu,
akalihamisha gitaa bega hadi bega.
Alikosea sana. Watu walicheka hadi machozi.
Yule kijana wa kugonga chupa ya Fanta kwa msumari
alipoteza pigo, akaketi chini.

Sasa Javan ana mwaka wa sita kaburini
na tamasha limepewa jina lake.
Kila Agosti, bango jipya:
karatasi nene, namba kwa penseli pembeni,
kumi na saba kati ya mia, arubaini kati ya mia.
Wamempa meno ambayo hakuwa nayo.
Vijana hupanga foleni kabla ya spika kuwashwa,
huondoka wameyapakata
kama watoto waliotoka kuchanjwa.
Siwacheki. Ninayo yote, chini ya kitanda.

Lakini wanalolisaka ni lile langu, la kosa.
Yamebaki manne, labda matano;
mengine yalinyeshewa,
mengine yalijalidi madaftari ya darasa la tatu.
Akaja bwana mmoja kutoka Nairobi na glavu nyeupe.
Nikampeleka kwa Kageha, mjane,
maana jikoni mwake liko moja,
limegandishwa kwa uji wa mahindi kuzuia upepo.
Moshi umelipa rangi ya chai.

Bwana alitaja elfu thelathini. Akataja hamsini.
Kageha alikuwa anachambua kunde.
"Bandua," akasema, "ila uondoke na ukuta."
Akajaribu ukucha kwenye pembe moja.
Udongo ndio ulioanguka kwanza.

Alipokwenda, nilibaki kuomba msamaha
uliochelewa miaka kumi na tisa.
Hakunijibu. Alipangusa mikono kwa leso,
akanishika bega, akanigeuza
nitazame ukuta wa mkabala,
kile kioo cha marehemu cha kunyolea,
kidogo, kimepasuka kwa chini,
bado kwenye msumari wake.

Mle ndani Javan alikuwa anapiga kwa mkono wa kulia.