Ukurasa wa Thelathini na Moja

Wiki ya kufungua shule, duka letu la Mfangano
linanuka gundi mpya na jasho la wazazi.
Nimesimama tangu saa mbili.
Mguu wa kushoto umeshakuwa wa mtu mwingine.

Wakaingia watatu, sweta zimefungwa viunoni.
Mmoja alikuwa akitafuna muwa; mlinzi akamwambia ateme nje,
akatema, karibu na nje.

"Siste, kitabu chembamba kuliko vyote ni kipi?"
Cha somo gani?
"Chochote. Tiche amesema tu tusirudi mikono mitupu."

Wa pili akaipima riwaya kwa kiganja,
akainua, akashusha, kama mtu aliye Burma mbele ya bucha:
"Hii, bila mifupa, inabaki kilo ngapi?"
Wakacheka hadi rafu ya kamusi ikatikisika.
Nami nikacheka, imenitoka tu,
kisha nikakumbuka kamera, na Bwana Githae nyuma ya kamera.

Nikawa mtu mzima tena. Nikasema, vijana, vitabu si vya kuchezea.
Nikasema, someni, mtatoboa.
Nilisikia sauti ya mamangu ikinitoka kinywani
na viatu vyake, na uchovu wake wote.

Wa tatu hakuwa amesema neno.
Mrefu, suruali imeachana na soksi kitambo.
Akanyoosha kidole ukutani, juu ya kichwa changu,
akasoma polepole, silabi kwa silabi, kama anayetuhukumu:
NI MARUFUKU KUSOMA DUKANI. NUNUA KWANZA.
"Siste, si nyinyi ndio mmekataza?"

Sikuwa na la kumjibu. Tangazo niliandika mimi,
kwa kalamu nene, mwaka juzi, na mstari chini ya MARUFUKU.

Akaichukua ile riwaya mkononi mwa mwenzake.
"Wewe umekisoma?"
Nimeuza nakala mia mbili na ushei.
Najua bei yake, uzito wake, rangi ya jalada ikipigwa na jua la dirishani.
Nikamwambia, kitamu sana.
"Kinaishaje?"
Nikikwambia utanunua?
"Ukiniambia, sasa ninunue cha nini?"

Hapo alinishika.
Wenzake walikuwa wameshafika mlangoni: "Barasa, toka huko, utashikwa na homa ya vitabu!"
Wakanunua mwongozo mmoja wa watu watatu, kurasa sitini,
maswali upande huu, majibu upande huu,
wakalipa kwa sarafu, wakahesabu mara mbili, zikapungua shilingi tano.
Nikaziongeza mimi. Usiniulize kwa nini.

Jioni, nikipanga ramani,
mkono wangu ukagusa kitu nyuma ya atlasi:
ile riwaya, uti wa mgongo umegeuzwa ukutani
kama mtoto aliyeadhibiwa,
na katikati yake kijiti cha aiskrimu, kimelambwa kikawa cheupe.

Ukurasa wa thelathini na moja.

Ndipo nikamkumbuka. Alhamisi, saa kumi na nusu,
kijana aliyekuja kuuliza bei ya rula.
Na Alhamisi kabla ya hiyo, rula.
Na leo, mbele ya wenzake, alivyoishika
kana kwamba hawajawahi kukutana.

Kanuni naijua: kitabu kikichafuka kinakatwa kwenye mshahara.
Nikakifuta kwa ncha ya aproni.
Nikatazama kamera; pale kwenye atlasi haifiki,
naye alikuwa amelijua hilo kabla yangu.

Nikasoma nikiwa nimesimama kwa mguu mmoja.
Thelathini na moja. Thelathini na mbili.
Mwanamke amefika kwao na ufunguo, na kitasa kimebadilishwa.
Thelathini na tatu.
Bwana Githae akazima taa za upande wa kamusi,
akaita, "Syombua, tunafunga!"
Nakuja, nikasema, nakuja,
thelathini na nne,

kisha nikakirudisha kijiti palepale alipokiacha,
asije akajua nimemtangulia.