Mkono Wangu Kwenye Kamba

Nakiri leo, maana Lushinge kahama na hawezi kunidai:
siku ile mwaloni Igombe sikuvuta.
Nilishika kamba, naam, niliishika barabara,
nikakunja uso, nikatoa jasho la jua tu,
na sauti yangu ndiyo iliyopaa kuliko zote:
"Haya, twendeee! Mara mojaaa!"

Tulikuwa ishirini na watatu.
Boti ya Lushinge ilikuwa imekunywa maji usiku kucha,
tumbo limejaa matope na dagaa waliooza,
nyuma yake magugu maji yamejikunja kama mkeka.
Tukavuta.
Boti ikatutazama.

Mbele yangu mgongo wa Ngassa,
mpana kama mlango wa ghala la pamba.
Nikasema moyoni: huyu anatosha.
Nyuma yangu pumzi za Bugumba, fundi wa mashine.
Nikasema: na huyu yupo.
Katikati ya hao wawili mimi nani?
Fundo tu kwenye kamba.
Sikujua Ngassa ana goti bovu, anamtegemea Bugumba;
na Bugumba, aliniambia mwenyewe baadaye, tukicheka vibaya,
alikuwa ananitegemea mimi.
Kwa zile kelele zangu.

Kamba haina daftari.

Ndipo Minza, muuza uji, akatua ndoo.
Hakutuhubiria umoja.
Alihesabu vikombe vyake, vikawa tisa.
"Uji wangu wa watu tisa," akasema.
"Nawaita kwa majina. Wengine kaeni kando.
Na sitazami mikono, mikono ni waongo.
Natazama visigino."

Mimi nilikuwa wa nne.
Sijui kama mama yangu aliwahi kulitamka jina langu
likanikaa mabegani namna ile.
Visigino vikazama mchangani,
mshipa wa shingo ukasimama,
sikubakiwa na pumzi ya kupigia kelele.
Ufuo ulikuwa kimya, unasikia mbao zinavyolia,
hadi boti ikapanda, inavuja kila upande, inanuka,
na wale kumi na wanne wakatupigia makofi.

Uji ulikuwa umepoa. Niliunywa hivyo hivyo.

Jioni nilirudi peke yangu.
Mashimo ya visigino yalikuwapo bado,
ziwa linayajaza moja moja.
Yangu niliyatambua, yameelekea kushoto kama ninavyotembea.
Nikatafuta na yale ya kwanza, ya tulipokuwa wengi.
Nilitafuta hadi giza likaingia.