Maua

Sheffield, Januari. Saa kumi tu, jua limeshaaga,
nami ghorofa ya tisa nimeiinamia meza,
nawachorea bustani watu nisiowajua.

Nyumbani wakiulizwa nasomea nini, mama hujibu, "Maua."
Usanifu wa mandhari, mama. Shahada ya uzamili.
"Ndiyo. Maua."

Sikumbishia. Muhula mzima sikuligusa ua hata moja:
nilikuwa na udongo wa mfinyanzi, mifereji,
mteremko wa moja kwa ishirini ili kiti cha magurudumu kipite,
na Dokta Pryce akiigonga karatasi yangu kwa kalamu iliyokauka:
"Maji yataelekea wapi?"
Kila Alhamisi. Maji yataelekea wapi.
Nikawa naliota swali hilo, naamka nimelowa jasho.

Eneo nililopewa ni nyasi kati ya majengo matatu ya halmashauri,
kilima kinachoporomoka hadi kituo cha tramu.
Nilikichorea njia ya zege, duara safi,
mialoni saba, mabenchi manne,
nikaipenda kazi yangu
kama mtu anavyoupenda mwandiko wake.

Kisha theluji ikaanguka usiku kucha.
Alfajiri nilikwenda na futi kamba na buti za kuazima.
Kweupe pote, karatasi kabla ya kosa,
na katikati, kwa mshazari, nyayo juu ya nyayo,
mstari mmoja kutoka mlango wa nyuma wa jengo la pili.
Haukuligusa duara langu popote.

Bi Ollerenshaw alikuwa anashuka na kikapu.
Akasimama penye kijiwe kisicho na lolote.
"Hapa ndipo goti hunidai," akasema,
akalilipa dakika tatu, akaendelea.

Nikapima: mita sitini na mbili kutoka mlangoni.
Nikalifuta duara. Benchi likabaki moja.

"Na maji?" akauliza Dokta Pryce.
Yatapita humo humo, nikasema. Kwa miaka yote hiyo
wameshayachimbia mfereji kwa viatu.
Akanyamaza. Akatafuta kalamu yenye wino.

Jioni nikapiga simu: Mama, leo nimepata ua.
"Alhamdulillahi! La rangi gani?"
Si *la*, mama. Ni *wa*.
Ua wa seng'enge, kule chini karibu na tramu,
una tundu la mtu mzima kupita akiinama,
na nimeandika kwenye mchoro: usizibwe.