Kata ya Kwanza

Siku za kazi nalipwa kwa ulimi.
Kiwandani, chumba cha kuonjea hakina dirisha:
vikombe sita, karatasi, ndoo ya kutemea.
Wanataka kila chupa ifanane na ya jana
kama mapacha waliovalishwa sare.
Nikiandika "tofauti", kuna mtu anapigiwa simu.

Jumamosi ulimi ni wangu.
Naanzia stesheni ya zamani,
pale mbuzi wanapokagua mataruma,
napita mnara wa saa bila kuutazama,
naingia Majengo kwa uchochoro wa nyuma.

Kwa Manka mbege ni changa, ya jana jioni,
tamu ya kitoto, bado inanukia ndizi
iliyoiva hadi ikatokwa jasho.
Vijana wa bodaboda wanaapa si pombe.
Njoro, kwa Mama Tesha, msesewe umezidi:
uchungu wa gome unakaa nyuma ya koo
kama deni la mtu unayempenda.
Kiboriloni, nyuma ya mitumba,
nilionja kitu kilichotiwa sukari ya dukani.
Nikalipa, nikanyamaza.

Halafu napanda Uru.

Shangazi Aikaeli ana pipa moja tu,
na kuni za mibuni iliyong'olewa.
Ndizi kazichemsha Jumatano
mpaka zikawa nyekundu kama udongo wa njia ya kwake.
Ulezi uliota chini ya majani ya mgomba,
ukasagwa, ukawa uji, uji ukapoa,
vikaoana usiku, bila shahidi.

Anachota kata. Desturi haijapinda:
mwenye pombe hutangulia kunywa,
mgeni aone hakuna sumu.
Anapiga funda. Anafumba macho,
anayafumba muda mrefu kuliko mila inavyodai.

"Tangu homa ile ya mwezi wa tatu," anasema,
"napika nikiwa kiziwi."

Hakusema ulimi umekufa. Kiziwi,
kana kwamba pombe huongea
na yeye ndiye asiyesikia.

"Napima kwa mkono, kwa povu, kwa nzi wanaokuja.
Wateja wananisifu. Hao wangesifu maji ya mfereji.
Wewe wanakulipa. Niambie nimepika nini."

Nikapokea kata kwa mikono miwili.
Maneno ya kiwandani yakaja mbio na karatasi zao:
ukali wa wastani, ukakasi, mwisho mrefu.
Nikayatema.

Nikasema: Shangazi, inaanza
kama zizi likifunguliwa alfajiri,
joto la ng'ombe, majani mabichi.
Kisha ndizi inafika, lakini imechelewa, inahema,
kama mtoto aliyetumwa chumvi akapitia kucheza.
Ulezi uko chini, unasugua polepole,
mchanga wa mto usiokwaruza.

"Na msesewe?"

Msesewe umesimama mlangoni.
Haujaingia. Unakohoa tu, ijulikane upo.

Akacheka mpaka akashika pipa.
"Hiyo ni ya mama. Ya mama ilikohoa hivyo hivyo."
Kisha, kwa sauti ya mtu anayeulizia bei
ya kitu asichokusudia kununua:
"Na moshi? Unausikia?"

Ulikuwepo. Kidogo, upande wa kushoto wa ulimi,
moshi wa mibuni ile aliyoipanda babu,
wakaing'oa mwaka kahawa ilipolala ghalani.
Kiwandani moshi ni kosa. Pipa zima humwagwa.

"Upo," nikasema.

"Basi uache ukae."

Fundi Ngowi akagonga benchi kwa ufunguo wa baiskeli,
anataka yake, ana kiu tangu asubuhi, ana vumbi la saruji kwenye nyusi.
Shangazi akachota.
Akanywa kwanza, kama ipasavyo,
na juu ya ukingo wa kata
macho yake yakanitafuta mimi.

Nikaitikia kwa kichwa.
Akampa.