Wakati Wowote

Jirani yangu Shomari aliniuliza kwenye ukuta,
kata ya maji mkononi, uso bado una unyevu wa udhu:
"Yeremia, ninyi mnasali saa ngapi?"
Nikajibu kwa majivuno ya mtu aliyebatizwa akiwa mchanga:
"Sisi? Wakati wowote."
Akacheka kidogo, bila ubaya.
"Mimi mwenye duka nakwambia,
deni la wakati wowote halilipwi."

Miaka thelathini na mmoja nilikuwa mgeuza njia
stesheni ya Tabora, pale reli zinapoagana,
hii ya Kigoma, ile ya Mwanza.
Kipande cha chuma kinasogea upana wa kiganja,
na mtu aliyelala behewa la tatu
anaamkia ziwa jingine.

Lakini chuma hakisogei kwa kubembelezwa siku ya treni.
Kila asubuhi, treni ipo, treni haipo,
nilipiga goti kwenye kokoto,
nikakwangua mchanga, nikapaka grisi.
Goti nililijua, basi. Nililijua kazini.
Nyumbani nilimpigia Mungu la dharura:
Tabitha alipojifungua kwa shida,
Mihayo aliposhikwa na degedege,
mwaka ule mshahara ulipochelewa hadi mwezi ukapata mwenzake.
Nilivuta mnyororo wa breki, treni ikasimama,
nikashuka,
nikasahau hata kumpungia dereva mkono.

Nikaweka saa. Kumi na moja kasoro robo.
Kigoda kilichochongwa kwa taruma kuukuu,
jikoni, kando ya dumu la asali ya Sikonge.

Siku ya kwanza sikuwa na neno.
Nilisema "Baba," kisha nikahesabu madeni,
elfu kumi na mbili za Shomari zikiongoza foleni.
Siku ya tatu nililala nimekaa;
Tabitha akaita toka chumbani,
"Sema amina, mume wangu, unakoroma."
Siku ya tisa mvua ilipiga bati, sikuamka kabisa,
na ya kumi niliona haya kurudi,
kama mtoro aliyesimama nje ya geti la shule.
Nikarudi. Kigoda hakikuniuliza kitu.

Sasa nina majina. Nayasema moja moja,
kama nilivyogonga mataruma kwa nyundo
nikisikiliza lipi limeoza ndani.
Tabitha na mgongo wake.
Mama Nshoma, aliyeibiwa cherehani.
Shomari, ndiyo, na duka lake.
Wa mwisho Mihayo, aliyeondoka na reli ya Mwanza
kwa neno nililolitamka mimi,
mwaka wa nne huu, simu haipokelewi.
Hapo nakawia. Siku nyingine siombi lolote,
ni jina tu, na kimya,
na majogoo wa Isevya wakigombea alfajiri.

Msiniulize kama amepiga.
Grisi haileti treni.
Asubuhi ngapi nimeiacha njia inang'aa mafuta
na kutwa nzima wakapita mbuzi peke yao.
Ila ilipokuja, hata usiku wa manane, hata bila taarifa,
chuma kiligeuka.

Jana bawaba ya mlango ilimwamsha Tabitha.
Leo nimeitia tone la alizeti.
Ng'ambo ya ukuta Shomari anakohoa, anasukutua;
deni lake nimelimaliza, kwa awamu tatu,
naye kila mara alihesabu mara mbili.
Bado giza. Kigoda cha baridi.
"Baba," nasema.
"Ni mimi. Yule wa jana."