Ukurasa wa Mia na Kumi na Mbili

Vilikuwa tisa, vyembamba, karatasi rangi ya chai iliyopoa,
na kila jalada Kachero Tepe kasimama vilevile:
kofia upande, sigara, kivuli kirefu kuliko mtaa.
Tulivisoma bwenini Tukuyu, mvua ikipiga bati
hata kengele ya kuzima taa tusiisikie,
watatu chini ya blanketi moja,
Tumpe akigeuza kurasa kwa sababu tochi ilikuwa yake.

Nilimpenda, nisifiche.
Aliingia chumbani, akanusa, akajua.
Kijiko kilicholazwa kushoto, tope kwenye kisigino.
Nami wiki nzima nikachunguza viatu vya walimu
nikagundua tope. Tukuyu kuna nini kingine?

Cha tisa hakikuwa na mwisho.
Kaka yangu Gwakisa aliuchana ukurasa,
akausokotea tumbaku nyuma ya zizi.
Kijana wa shamba kafungwa kamba,
Tepe anakunja mikono ya shati: "Sasa utasema."
Basi. Baada ya hapo uzi na gundi kavu.
Nikaumalizia mwenyewe: alisema.
Kwa Tepe walisema siku zote.

Miaka kumi na minane nilikuwa karani, Mahakama ya Mwanzo.
Mhuri, kabati lisilofungika, baridi ya Juni miguuni.
Wakamleta Ambokile, muuza ndizi,
jicho moja limefumba kama kitovu.
Magunia mawili ya kahawa ya chama.
Nikaandika: *amekiri kwa hiari yake*,
kwa ule mwandiko uliosifiwa shuleni.
Magunia yalionekana mwezi wa kumi na moja,
ghalani kwa katibu wa chama.
Ambokile alikuwa amekwisha kula miezi mitano Ruanda.

Usiku ule nikavitoa vitabu sandukuni,
nikahesabu kwa penseli: makofi arobaini na moja.
Wakosaji: mpishi, yaya, mtu wa kuja,
mpishi mwingine.
Mwenye nyumba, kamwe.
Vitatu nikawashia jiko. Viliwaka vibaya;
maharage yakanuka gundi.
Sita nikampa muuza karanga.
Tangu hapo nikawa mtu wa kuvisema,
harusini, msibani, kwa yeyote aliyethubutu kuvisifu.

Mwaka jana, Mwanjelwa, kati ya masweta ya mtumba,
cha tisa. Kizima.
Alitaka elfu mbili, nikatoa elfu moja mia tano,
nikasoma nimesimama, watu wakinisukuma kwa vikapu.

Tepe anampiga. Kijana anakiri.
Sikuwa nimekosea.
Halafu kuna mistari minne,
ile Gwakisa aliyoivuta ikawa moshi:
kachero ananawa bombani, maji yanakatika,
anabaki na povu mikononi,
anasema, wala hamwambii mtu,
"Na kama siye?"

Kitabu kimekwisha. Cha kumi hakikuandikwa.

Haitoshi. Nimeirudia mara nyingi nikitamani itoshe.
Makofi arobaini na moja kwa swali moja,
tena ukingoni, tena bomba limekauka.
Ila mimi nilikuwa na mhuri mkononi,
wino mbichi, kijana mbele yangu,
na hata hilo sikuliuliza.

Sasa navitafuta vile vinane.
Tumpe, siku hizi yuko Kyela, anacho cha pili, hakina jalada;
atakituma kwenye basi, ndani ya gunia la mchele.

Ambokile bado anauza ndizi, njia panda ya Ushirika.
Nanunua kwake kila Jumamosi.
Jana kanichagulia chana zuri, kaongeza mbili juu,
kanitazama kidogo kwa lile jicho.
Ama hanitambui, ama ananitambua sana.
Tepe angenusa, angejua.
Mimi nimesimama na ndizi zangu, mvua inaanza,
sijui.