Gauni la Kukodi

Muuzaji alimzungushia binti yangu utepe kiunoni
kabla hata hatujaketi.
Akataja namba, akaiandika kiganjani, akasema:
"Bibi harusi mwembamba hivi hanisumbui."
Ayikoru akacheka mpaka akashika ukuta.
Nikaweka mkoba juu ya meza ya kioo.
"Mwanangu, nipime mimi. Anayeolewa ndiye huyu."

Nje boda walikuwa wakigombania abiria,
mtu akitangaza bei ya muhogo mkavu kwa kipaza sauti,
Arua yote ikiendelea na Jumamosi yake.
Ndani, kati ya magauni yaliyovikwa nailoni,
utepe ulining'inia mkononi mwa yule kijana
kama mkia uliosahauliwa na mjusi.

Nina miaka hamsini na mitatu.
Watoto sita, na mume yule yule
tangu mwaka tuliorudi kutoka Zaire
na sufuria mbili na blanketi la msaada.
Ng'ombe wa mwisho wa mahari alifika kwa kaka zangu mwaka jana,
anachechemea, lakini alifika.
Sasa Padri amesema
Ezati hawezi kukabidhiwa ufunguo wa sanduku la sadaka
huku anaishi na mke wa mkopo.

La kwanza lilikuwa na mabawa.
La pili lilikwaruza kama gunia la chumvi.
La tatu lilivaliwa na wengi, niliona:
ndani ya kola jina la mtu, kwa wino,
herufi za mbele zimefuliwa zikaisha,
na karibu na pindo doa la mchuzi
wa sherehe nisiyoalikwa.
Nikalipenda papo hapo.

Zipu ikapanda.
Ikapanda, ikafika mahali pa mtoto wa nne,
ikakataa.

"Vuta tumbo, Mama."
"Tumbo hili nimelivuta tangu Zaire."

Basi kijana akaleta kioo cha pili, akakishika nyuma yangu,
ili nione mwenyewe pengo lilivyo.
Ndipo nilipouona mgongo wangu.
Sikuwahi kuuona.
Umebeba sita hawa, na wawili waliotutoka,
umebeba mitumba ya tumbaku mpaka ghalani,
umelaliwa, umekandwa, umepigwa na mvua,
na siku zote nilikuwa nauambia tu, twende.
Ni mpana. Una alama chini ya bega la kushoto
ambayo sijui niliipata wapi.
Nikamwambia kijana asikishushe kioo bado.

Kukodi, laki mbili na nusu, siku mbili.
Pindo likichafuka, elfu hamsini juu yake.
"Na vumbi la Arua hili," nikauliza, "nani mwenye nalo?"
Tukavutana, akapunguza thelathini.
Akatoa na glavu, bure, za kufunika vidole vyangu
ambavyo tumbaku imevipaka rangi isiyotoka kwa sabuni.
Glavu nikamrudishia.
Pete itapita wapi?
Halafu Ezati anavijua vidole hivi, akikuta vyeupe
atadhani ameletewa mtu mwingine.

"Utatia kipande cha kitambaa pale nyuma," nikasema,
"lakini usikikaze.
Siku hiyo nataka kula."

Alipofungua kitabu cha risiti, akauliza jina.
"Mama Ayikoru," akajibu binti yangu upesi.
Nikamshika mkono.
"Andika Candiru."
Ni jina la shida, kwa lugha yetu;
mwaka niliozaliwa haukuwa na mavuno wala kicheko.
Yeye si wa kwetu, hakujua.
"Jina zuri," akasema, nikamtajia herufi moja moja.

Tulikuwa bado mlangoni simu ikalia.
Ezati, na kelele za kuku nyuma yake,
anapayuka kama kawaida, kana kwamba simu ni mto:
"Limefunga?"

Nikamjibu, "Karibu."